Fundi anasema ataigeuza Hilux yangu ya 2WD iwe 4WD kwa wiki moja. Kweli au napigwa?

#1 Mpunga wa Malinyi
Wakuu, habari za jioni.

Nina Hilux LN85 singo kebini ya 2WD (inavuta kwa matairi ya nyuma tu), injini ni 2L ya dizeli (2L ni jina la injini, ukubwa wake ni lita 2.4), niliachiwa na marehemu mzee. Kazi yake ni mpunga na mbolea: Malinyi, Lupiro, Ifakara. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe kivuko si kisingizio tena, ila masika ikichanganya kuna vipande vya udongo mweusi ambavyo sipiti. Tairi moja la nyuma linazunguka, la pili limetulia tuli, na vijana wa kusukuma wanapandisha bei kila mwaka.

Sasa kuna fundi amepata LN106, Hilux ya 4WD, iliyogongwa. Anasema atatoa eksele ya mbele na difu yake (gia za kugawa nguvu kwa tairi la kulia na la kushoto), giaboksi yenye transfa (boksi la kupeleka nguvu mbele na nyuma) na propela ya mbele (shafti ndefu ya kwenda kwenye difu), aje afunge kwangu. Milioni tano na nusu, wiki moja, naondoka na fowili, yaani 4WD, matairi yote manne yanavuta. Bei naielewa, wiki moja ndiyo inanipa wasiwasi. Waliowahi kufanya kazi hii au kuiona waje. Na tafadhali, msiniambie niuze ninunue nyingine.

#2 Toroli
Uza ununue nyingine.

#3 Kiti cha Mbele
Nimeshakaa, karanga ninazo. Wajuvi pitieni hapa.

#4 Fundi Mstaafu
Mkuu #1, kazi inawezekana, nimeiona ikifanyika na gari ikatembea. Wiki moja sahau.

LN85 na LN106 ukiziona kwa juu ni mapacha, ukilala chini ni watoto wa baba tofauti. Yako mbele ina toshenibaa (vyuma virefu vinavyojisokota badala ya springi) na mikono, kila tairi linajitegemea. LN106 ina eksele ngumu iliyolala juu ya springi za vipande, kama za nyuma. Kwa hiyo fundi akate mabano yote ya toshenibaa kwenye chesisi yako, halafu achomelee hanga za springi mahali ambapo Toyota haikupanga ziwepo. Akikosea kipimo kwa vidole viwili tu, gari inavuta upande maisha yake yote.

Giaboksi yako ina mkia mrefu unaopokea propela. Ya 4WD ni fupi, transfa inafungwa mgongoni mwake na shafti ya kutokea ni nyingine. Huwezi kuongeza transfa peke yake, unabadili boksi zima. Ukishabadili, krosimemba inayolibeba inahama, propela ya nyuma inapimwa upya na kubalansiwa, sakafu ya kebini inatobolewa kwa ajili ya mti wa pili wa gia, kebo ya spidomita inahamia kwenye transfa. Stelingi boksi nayo: yako inasukuma fimbo kushoto na kulia, ya eksele ngumu inasukuma mbele na nyuma. Na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, lazima iwe ya 4WD, la sivyo siku ya kwanza ukiingia shimo, difu ya mbele inapanda na kuigonga.

Akiwa na LN106 nzima pembeni, kila kitu anakichukua humo. Akiwa na eksele na boksi tu, utazunguka maduka ya spea Gerezani, Dar, kutafuta vikorokoro mpaka masika ijayo.

#5 Mpunga wa Malinyi
Ubarikiwe mzee. Sampu na stelingi boksi hakuvitaja kabisa.

#6 Dogo Spana
Mnamtisha bure mshkaji. Hilux zote za 4WD za miaka ya 90 zina eksele ngumu mbele, hata Hilux Surf, ile iliyofunikwa nyuma. Surf zilizokufa injini zimejaa magereji. Achukue eksele ya Surf kwa bei chee, mchezo umeisha.

#7 Nati Sita
Dogo Spana, hapo umechanganya madawa. Surf ya kizazi cha LN130, iliyotoka 1989, mbele ina toshenibaa na difu imening'inizwa kwenye chesisi. Hakuna eksele ya kuchomoa pale. Marekani pikapu zao ziliachana na eksele ngumu kuanzia modeli ya 1986. Zilizoendelea nayo mpaka 1997 ni za masoko kama letu na Australia, ndiyo hizo LN106 na ndugu zake.

Mkuu #1, kingine ni matairi. 2WD nyingi za rika la gari yako zina nati tano na rimu ya inchi 14. LN106 ni nati sita na rimu kubwa zaidi. Ukifunga eksele ya mbele tu, utakuwa unabeba spea mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Hakikisha na eksele ya nyuma inakuja.

#8 Kirikuu Nguvu
Mimi nina Kirikuu ya 4WD, cc 660. Mwaka juzi kule Kilosa niliwapita wenye Hilux wamesimama kwenye tope wanajadiliana nani ashuke kwanza. Endeleeni na mjadala wenu.

#9 Toroli
Kirikuu haikwami kwa sababu tope halijui kama kuna gari imepita 😂

#10 Dogo Spana
Sawa Nati Sita, Surf nimekuachia. Ila hiyo ya kubadili eksele ya nyuma ni kumwongezea jamaa gharama. Abaki na difu yake, fowili ataiweka kwenye tope tu. Hesabu za meno, eti difu ya mbele na ya nyuma zilingane, ni za watu wa mashindano.

#11 Mzee wa Difu
Hapana kijana, usimpoteze mwenzio.

Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, yaani propela inazunguka mara ngapi matairi yakizunguka mara moja. Chukua nyuma 4.1 na mbele 4.3. Transfa ya Hilux haina difu ya katikati, ukiweka 4WD propela zote mbili zinazunguka kwa mwendo mmoja. Kwa uwiano huo, kila kilomita moja eksele moja inataka kwenda zaidi ya mita 45 mbele ya mwenzake. Mita hizo lazima ziende mahali. Kwenye tope laini tairi litateleza na husikii kitu. Ukitoka tope ukapanda changarawe ngumu hujatoa fowili, mti wa transfa unagoma kurudi, usukani unakuwa mzito, halafu unasikia mlio chini ya kiti. Hata difu zikiwa sawa, 4WD ya aina hii haitumiki kwenye lami kavu, kwa sababu kwenye kona matairi ya mbele yanachora duara kubwa kuliko ya nyuma.

Kupima ni bure. Gia nyutro, hendibreki chini, weka mawe kwenye matairi yote yanayobaki ardhini. Inua tairi moja tu la nyuma. Piga alama ya chaki kwenye hilo tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 wakati mwenzako anahesabu propela. Ikizunguka 41, una 4.1. Ikizunguka 43, una 4.3. Kisha fanya vilevile kwenye eksele ya mbele ya hiyo LN106. Kile kibati cha ndani ya boneti kina msimbo wa eksele kwenye mstari wa A/TM, ila gari za umri huu zimeshabadilishwa difu na watu wengi, mimi naamini chaki.

#12 Kiti cha Mbele
Mzee wa Difu umenifanya niende kuhesabu ya kwangu saa hii. Mke wangu anauliza kulikoni.

#13 Nakuru Dizeli
Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya watu wengi hufanya hii kitu na Isuzu badala ya Toyota. TFR ni 2WD, TFS ni 4WD, na zote mbili mbele ziko na toshenibaa, kwa hivyo si lazima ugeuze chesisi iwe ya springi. Kuna msee wa Narok alinunua TFS iliyoungua kebini, akahamisha difu ya mbele, nakozi (vichwa vya mbele vinavyobeba habu za tairi), driveshafti na giaboksi yote kwa TFR yake. Injini ni 4JA1 kwa zote. Gari iko barabarani, inabeba ngano. Toyota mnaipenda sana lakini hapa Isuzu imewashinda.

#14 Fundi Mstaafu
Nakuru, kwa Isuzu nakubaliana nusu. Toshenibaa zipo kwa zote, ila mabano ya kuning'iniza difu ya mbele kwenye TFR unayatengeneza mwenyewe, na habu za 2WD hazina tundu lenye meno la kupitisha shafti. Ndiyo maana huyo jamaa alibadili nakozi zote. Ni rahisi kuliko LN85, siyo rahisi kama ulivyoiandika.

#15 Toroli
Ligi ya Toyota na Isuzu imeanza. Wenye Nissan Hardbody mtapewa dakika za nyongeza.

#16 Bwana Kadi
Nimesoma uzi wote hakuna aliyegusa makaratasi. Kuna wenzenu watakwambia njia rahisi ni kuhamishia kebini na karia yako juu ya chesisi ya LN106, unapata 4WD ya kiwandani bila kuchomelea kitu. Kiufundi ni kweli, nami naikubali kuliko zote. Ila namba ya chesisi ndiyo gari. Ukiweka kebini yako juu ya chesisi ya mtu, gari yako kisheria imebaki kwenye lundo la vyuma na unaendesha ile nyingine. Kama kadi ya LN106 ipo na muuzaji anaweza kuhamisha umiliki, basi umenunua LN106 na kuivalisha kebini nzuri, hakuna neno. Kadi ikiwa haipo, usiguse. Na wakikwambia "tutakata kipande chenye namba tukichomelee", kimbia, hiyo ni kesi ya jinai.

Ukibadili injini, au chochote kinachosomeka kwenye kadi, nenda TRA na trafiki wakukague. Bima pia iambiwe. Siku ya ajali mkaguzi atalala chini ya gari yako na tochi.

#17 Lami Hainihusu
Mimi nauliza kitu kingine. Mkuu #1, una uhakika unahitaji 4WD?

Umesema tairi moja linazunguka na la pili limetulia. Hiyo ni difu ya kawaida inafanya kazi yake. Inagawa nguvu sawa kwa sawa, na kiwango kinaamuliwa na tairi lenye mshiko mdogo. Moja likiwa kwenye ute, hata la pili likiwa kwenye mwamba halipati kitu. Sasa ukiweka 4WD yenye difu mbili za kawaida, siku tairi moja la mbele na moja la nyuma yakikosa mshiko unasimama vilevile, ila umetumia milioni tano.

Difu ya nyuma yenye loki (inafunga matairi mawili yazunguke pamoja), ya kiwandani au ya kufungwa kwa upepo kama za kampuni ya ARB, na matairi ya meno makubwa, vinakupitisha sehemu nyingi sana. Nimeishi Makete na 2WD yenye loki, na njia za kule kipindi cha mvua mnazijua.

#18 Mzee wa Difu
Lami, Makete ni milima na utelezi juu ya ardhi ngumu. Malinyi ni mbuga, tope linashika mpaka kwenye difu. Loki inasaidia pale penye kitu cha kushika chini. Kwenye mbuga 2WD yenye loki inachimba mashimo mawili kwa wakati mmoja badala ya moja, na karia ikiwa tupu mbele inateleza kama inataka kuingia shambani kwa mtu. Anahitaji matairi ya mbele yavute.

#19 Lami Hainihusu
Mzee, basi na LN106 itakaa kwenye hiyo mbuga. Uwazi wa chini wa difu ya eksele ngumu hauzidi nusu ya kipenyo cha tairi, hilo fowili haiongezi. Tuulize kwanza: anakwama akiwa na mzigo au akiwa mtupu? Na matairi ni ya aina gani?

#20 Mpunga wa Malinyi
Nakwama zaidi nikiwa mtupu, narudi kuchukua mpunga. Nikiwa na gunia kumi na tano nyuma napita sehemu nyingi ila kwa shida. Matairi ni ya barabarani, 195R14, ya nyuma yamebaki nusu.

#21 Lami Hainihusu
Jibu si hilo hapo.

#22 Mzee wa Difu
Jibu la nini? Mwenye nchi kavu haamui matairi ya mwenye mbuga.

#23 Mzee wa Fizi
Wandugu, miye niko Uvira. Njia ya Baraka na Fizi mvua ikianguka haiko tena njia. Mekanisie mmoja huku alichukua transfa ya Suzuki ile ya zamani, SJ410, kwa sababu haifungwe kwenye giaboksi, iko peke yake katikati na shafti fupi. Akaacha giaboksi ya 2WD vile iko, akaweka hiyo transfa nyuma yake, propela moja mbele, moja nyuma. Hakutoboa mambo mengi. Ilikuwa Datsun ya benzini.

Ila mtu akitaka kununua nusu-gari toka Dubai aangalie usukani. Huku tunatembea upande wa kuume, usukani kushoto ni sawa kwetu. Nyinyi mtahangaika na stelingi boksi.

#24 Nati Sita
Mzee wa Fizi, wazo hilo ni zuri kwa gari ndogo. Transfa ya Suzuki kweli iko peke yake, lakini imetengenezwa kwa injini isiyofika hata lita moja na nusu. Ukiiweka nyuma ya dizeli ya lita 2.4 yenye gunia kumi na tano za mpunga, ukaweka lo (gia nzito ya transfa), meno yatatoka kama karanga za Kiti cha Mbele.

#25 Kiti cha Mbele
Karanga zangu zimekosa nini?

#26 Mama Viazi Lushoto
Jamani mnaongelea kwenda, hakuna anayeongelea kusimama. Shemeji yangu alinyanyuliwa pikapu yake na kufungiwa eksele nyingine, gari ikawa nzuri kuitazama. Kushuka na viazi kutoka Mtae breki za nyuma zikawa hazishiki, breki za mbele zinanuka moshi, kila kona ni dua. Gereji tatu zilibadili pedi na brekishuu bila kupata tatizo.

Kumbe kuna vali ya breki kule nyuma iliyoungwa kwenye eksele kwa kifimbo. Karia ikishuka kwa mzigo, kifimbo kinasukumwa na vali inaruhusu breki nyingi nyuma. Gari ilipoinuliwa kifimbo kikabaki kirefu kilekile, vali ikawa inadhani karia ni tupu siku zote. Walirekebisha bano la kifimbo, breki zikarudi. Fundi wako muulize hilo, na hozi za breki za mbele ziwe ndefu za 4WD, zisije zikakatika usukani ukigeuzwa mpaka mwisho.

#27 Fundi Mstaafu
Mama Viazi umeongea kitu ambacho mafundi wengi hawakijui. Nakazia.

#28 Rock City
Mnashindana na magari ya 1990. Huku Mwanza watu wameagiza Vigo na Revo za Thailand, zile Prerunner. Ni 2WD lakini zimekaa juu, nati sita, kama 4WD kabisa. Kugeuza hizo si kuna nafuu?

#29 Nati Sita
Kwa chuma, ndiyo, nafuu kubwa, kwa sababu umbo la mbele limefuata la 4WD. Utahitaji habu na nakozi zenye nafasi ya shafti, difu ya mbele, boksi na transfa. Kwa umeme ndipo utakapolia. Vigo yenye mti wa transfa wa mkono ina afadhali. Revo inabadili 4WD kwa kitufe, kuna mota na kompyuta yake, ABS nayo inataka ijue kinachoendelea. Ukikosa wayaringi nzima ya 4WD, taa za dashibodi zitawaka zote.

#30 Dogo Spana
Au achomelee spaida gia, zile gia ndogo za ndani ya difu ya nyuma, loki ya bure. Nimemaliza.

#31 Mzee wa Difu
Na akifika lami ya Ifakara matairi yanalia kila kona na eksele shafti inakatika sokoni. Dogo, pumzika.

#32 Toroli
Mkuu #1 mpunga panda nao Tazara pale Ifakara, yenyewe ina matairi ya chuma.

#33 Mpunga wa Malinyi
Toroli, kutoka Malinyi mpaka stesheni nitaubeba kichwani?

Wakuu, leo nimeonana na fundi, nikamsomea yote. Sampu amesema "tutaona". Vali ya breki hakuwahi kuisikia. Nilipomuuliza kama naweza kununua LN106 yote akasema mwenyewe anauza, imegongwa karia na nyuma ya kebini, chesisi imenyooka, kadi ipo kwa jina lake. Injini ni 3L ila haiwaki, wanasema ilichemsha. Bei yake hata milioni sita haifiki.

#34 Bwana Kadi
Kadi ipo? Hiyo ndiyo gari yako sasa. Kagua namba ya chesisi kwa macho na mkono, ilingane na kadi, halafu hakiki umiliki kabla ya kutoa hata shilingi.

#35 Lami Hainihusu
Bado nasema matairi ya meno kwanza, punguza upepo kwenye mbuga, tupia mifuko ya mchanga nyuma unaporudi mtupu. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya hizo milioni.

#36 Nakuru Dizeli
Hiyo chesisi aliikagua na kamba ama kwa macho? "Imenyooka" ya muuzaji mimi siiamini. Apime ulalo kwa ulalo, kutoka tundu la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, halafu kinyume chake. Zikitofautiana, hata aweke kebini mpya itatembea kama kaa.

#37 Fundi Mstaafu
Na hizo injini za familia ya L zikichemsha hupasua silinda hedi. Fungua kifuniko cha oili uone kama oili imekuwa kama maziwa kwa kuchanganyika na maji, chungulia na rejeta kama ina mafuta. Kama ni hedi tu, 3L inatengenezeka. Kama bloku limeguswa, 2L yako inakaa pale, mkao wa injini ni wa familia moja. Ila sampu ya hiyo 3L usiiache.

#38 Kirikuu Nguvu
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Hizo habu za kufunga kwa mkono za LN106, zinazounganisha matairi ya mbele na shafti zake, lazima ushuke kwenye tope kuzizungusha?

#39 Nati Sita
Ndiyo, kama hujazifunga mapema. Wenye akili wanazifunga Lupiro kabla ya tope. Ukishafunga habu unaweza kutembea nazo hivyo hivyo na 2WD, haina madhara, inakula mafuta kidogo tu.

#40 Mpunga wa Malinyi
Nimepiga simu. Kesho kutwa naenda na fundi wangu mwingine, kamba na chaki. Fundi Mstaafu, kama eksele ya nyuma ya hiyo LN106 imepinda kwa ajali, ya kwangu inaweza kuingia au upana ni tofauti?